Penseli na Vyombo vya Nyumbani

Ukionyeshwa mchoro wa penseli wa Giorgio Morandi kwa mara ya kwanza, yamkini utacheka. Utaona mistari michache juu ya karatasi ndogo: shingo ya chupa, ukingo wa bakuli, ubavu mmoja wa kopo. Mistari yenyewe imetetemeka, na mingine imekatika kabla ya kufika chini. Utasema, "Hata mdogo wangu wa darasa la tatu angeweza." Sikulaumu. Mimi nami nilisema hivyo hivyo nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nikakifunga kitabu.

Morandi alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, akafa huko huko mwaka 1964. Alikuwa mwalimu kama mimi. Kwanza alifundisha kuchora katika shule za watoto wadogo; halafu, tangu 1930 hata 1956, alifundisha katika chuo cha sanaa ufundi wa kuchora juu ya mabamba ya madini na kuyapiga chapa. Hakuoa. Aliishi na dada zake watatu, na chumba alichokilala ndicho alichokifanyia kazi. Humo alikusanya chupa, makopo, mabirika na mabakuli ya bei ndogo. Chupa nyingine alizibandua karatasi za majina, nyingine akazipaka rangi zisimetemete. Juu ya karatasi iliyotandikwa mezani alitia alama mahali kiliposimama kila chombo, kwa kuwa kukisogeza kidogo tu, kwake yeye, kulikuwa ni kuanza picha nyingine.

Je, mtu aliyejitaabisha hivyo angeshindwa kumaliza kuchora chupa? Basi tazama tena. Katika michoro ya miaka yake ya mwisho, aghalabu mstari mmoja hutumikia vyombo viwili: ni ubavu wa chupa, tena ni ubavu wa kopo lililo jirani yake. Mstari huo ni mali ya nani? Ukizidi kutazama, ile karatasi nyeupe iliyo baina ya vyombo huanza kupata umbo, hata ukadhani ndiyo iliyochorwa, na chupa zimesimama hapo kuishika isianguke. Waweza kulijaribu jambo hili jioni ya leo. Weka mezani birika, kikombe na taa ya chemni, kisha uchore nafasi iliyo kati yake, usiviguse vyombo vyenyewe. Utaona jinsi mkono unavyokataa. Maana tangu utotoni jicho limezoea kuamua kwamba hiki ni kitu na kile si kitu, na penseli hufuata amri hiyo bila kuuliza.

Sisemi kwamba kila karatasi yake ni njema. Ziko ambazo, kwa maoni yangu, penseli iliinuliwa mapema mno, na mtu asiyepata kuziona picha zake za rangi hapati pa kushika. Mchoro usioweza kusimama bila ndugu zake una upungufu, hata akiwa mchoraji ni bingwa. Wengine humsifu kwa unyenyekevu wake. Sifa hiyo hainisaidii. Unyenyekevu ni tabia ya mtu, nami ninatazama karatasi.

Nina sababu ya kuandika haya. Miaka michache iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wachore kwa penseli vyombo vya jikoni kwao. Mmoja aliniletea sufuria mbili upande huu na kinu upande ule. Katikati aliacha nafasi pana, na kingo za nafasi hiyo alizikoleza kuliko vyombo vyenyewe. Nilimwuliza pale pana nini. Akanijibu, "Mwalimu, hapo ulikaa mtungi wa marehemu nyanya." Nilimwambia kwamba mtungi usiochorwa hauna alama, nikampa 4 juu ya 10. Wenzake walicheka, nami sikuwanyamazisha.

Mwaka uliofuata nilikifungua tena kile kitabu cha Morandi, nikakaa nacho usiku mzima. Asubuhi nilimtafuta yule mwanafunzi ili nimwombe anionyeshe tena mchoro wake. Niliambiwa amekwisha hamia shule nyingine, na daftari lake amekwenda nalo.