Ufa Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Kila panapozungumzwa kubomoka kwa nyumba za kale za pwani, hatukawii kuukumbuka utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauzindua moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya wakwasi wa Pate yaliyobaki magofu: zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure zimekuwa malalo ya makinda ya ndege, na bundi ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Kwa takriban karne mbili umesomwa kama waadhi juu ya dunia hadaa, na ndivyo ulivyokusudiwa. Kosa si la mtunzi. Kosa ni letu sisi tulioufanya kuwa desturi ya kuyatazama magofu yote: tukiona ukuta umeinama, tunatikisa vichwa, tunasema dunia haidumu, tunapita.

Lakini gofu la utenzi si gofu la mtaani. La kwanza limeanguka ili moyo upate funzo. La pili, mara nyingi, limeangushwa na maji.

Tuchukue mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mashairi yetu juu ya mji huu aghalabu husifu milango ya nakshi. Ukuta hausifiwi, ilhali ukuta ndio nyumba. Ndani yake mna mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na juu yake lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutoka, ukakauka kwa upepo. Akija mwenye nyumba, kwa nia njema, akaupaka saruji, pumzi huziba. Maji hubaki ndani, chumvi huila lipu na mawe, udongo hulainika na kuteremka, na ukuta hufanya tumbo. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza pasipo mtu kuziona. Siku dari inaposhuka, sote hushangaa.

Hapa ndipo methali yetu mashuhuri inapohitaji mhakiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ni kweli, lakini methali haisemi uzibwe kwa kitu gani, wala baada ya kuuliza nini. Fundi mwashi stadi haanzi kwa kuziba. Hutazama kwanza paa na mifereji. Hugonga lipu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza inapolia utupu. Hutia alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya ufa, akarejea baada ya masika kuona kama umesogea. Ufa uliotulia huridhika na chokaa. Ufa unaotembea hudai kwanza kijulikane kinachousukuma. Huko ni kusoma, tena kwa makini kuliko wengi wetu tunavyosoma tenzi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Msiba kama ule hautoshi kuambiwa kwamba kila kitu hupita.

Yupo atakayesema kuwa mshairi si mwashi. Naam. Hata hivyo, turejee Pate. Magofu ya Al-Inkishafi yanatuuma kwa sababu mtunzi aliijua nyumba: alijua kidaka ni cha nini, na nani aliketi wapi, kabla ya kumweka ndege pale. Huzuni yake imesimama juu ya ujuzi. Sisi tunarithi huzuni na kuuacha ujuzi. Maneno kama niru na boriti yanatutoka beti kwa beti, na mikono inayoyajua inapungua.

Anayetaka kuuombolezea Mji Mkongwe, basi, na apande darini siku ya mvua, atazame maji yanaingilia wapi. Kisha aandike.