Penseli ya Mwenzako

Juzi nilimtazama mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, akimaliza insha ya Kiswahili. Aliichapa kwenye simu, programu ikaisahihisha kabla chai haijapoa, naye akaanza kuinakili neno kwa neno.

"Nani mwingine ameisoma?" nikamuuliza.

"Hakuna, mjomba."

Sisi, enzi zetu shuleni, tulibadilishana madaftari. Kalamu nyekundu ilikuwa ya mwalimu. Mwanafunzi alishika penseli, na aliandika pambizoni tu.

Nakumbuka insha yangu ya mazishi ya nyanya. Nilikuwa nimejaa misemo ya kukariri, nikaandika kwamba machozi yalinitiririka njia mbili mbili, nikajiona bingwa. Mwenzangu wa dawati, ambaye kwao na kwetu kulipakana, akaipigia mstari sentensi ile na kuandika kwa hati ndogo: "Nilikuwepo. Hukulia. Ulishika koti la babako mpaka kifungo kikang'oka."

Niliona haya, kisha nikakasirika. Siku mbili sikumsemesha. Siku ya tatu niliyafuta yale machozi nikakiandika kifungo: cheusi, matundu manne, uzi ungali unaning'inia, nami nimekifumbata hadi kaburi lilipofukiwa. Mwalimu asingelijua hilo. Angehesabu makosa ya hijai na sarufi, angenipa alama zangu kati ya 20, na uongo wangu ungepita salama.

Zamu yangu ya kusoma yake ilipofika, nilikuta mvua kubwa aya ya kwanza na vumbi likitimka aya ya tatu, siku ile ile. Nilipokwisha kumwandikia, nilirudi mbio kwenye daftari langu. Nako kulikuwa na vumbi la namna hiyo, na kwa macho yangu peke yangu nisingeliliona.

Kusomana huku hakukuanzia darasani. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ikihasimiana, na mtu hamjibu malenga ambaye hakumsoma kwa makini. Hata hasimu alikuheshimu kiasi cha kukupima kila neno.

Leo karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, inadai insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa moja na dakika 45. Kwa hofu ya mbio hizo tumewajaza watoto insha za mfano, na sasa tumewapa mashine ya kuzing'arisha. Sarufi inatoka safi. Lakini mashine haikuwa mazishini, haimjui nyanya ya mtu, wala haitanuniwa siku mbili kwa kusema kweli. Inaniuma kuona kizazi kizima kikiandika bila shahidi.

Nimemnunulia mpwa wangu penseli mbili. Moja ni ya mwenzake.