Hodi Nne

"Mwanangu, intaneti imekufa."

Ndivyo anavyoanza mama mdogo, shikamoo yangu ikiwa bado mdomoni. Yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam, na shida yetu ni kompyuta ya mezani aliyoinunua alipostaafu ualimu, ili atunge mitihani ya majaribio na awaone wajukuu walioko Muscat. Jioni ile alikuwa na mengi. Umeme ulikatika tangu juzi, umerudi alfajiri, amewasha, kurasa hazifunguki, "halafu inaniambia saa yangu iko nyuma, nikaitazama ya ukutani nikaona iko sawa kabisa."

"Achana na saa, mama mdogo," nikamkatiza. "Taa za ruta zinawakaje?"

Hapo ndipo nilipopotea, lakini nitapafikia.

"Imekufa" ni neno la mgonjwa, na mgonjwa ana haki nalo. Fundi hana. Intaneti haifi, hukatika mahali. Kati ya macho ya mama mdogo na uso wa mjukuu wake kuna kompyuta, kuna hewa ya sebuleni, kuna ruta, uzi wa faiba unaotoka dirishani kwenda kwenye nguzo, majengo ya kampuni asiyoyajua, bahari, na upande wa pili wa bahari safari ile ile kinyumenyume. Kila kiungio kinaweza kuachia. Asiyejua hugonga viungio vyote kwa zamu na kuomba Mungu. Anayejua huikata njia katikati, akauliza nusu ipi ina ugonjwa, akaikata tena nusu hiyo.

Na swali la kukatia ni dogo mno: simu yako, kwenye waifai hiyo hiyo, inapata? (Uzime data kwanza, kwa sababu simu za siku hizi zina unafiki: waifai ikikwama zinahamia kwenye bando kimyakimya, nawe unaapa waifai ni nzima.) Simu ya mama mdogo ilikuwa inapata. Kwa jibu hilo moja bahari iliachiwa huru, na nguzo, na faiba, na ruta yenyewe. Mshtakiwa akabaki mmoja, amekaa juu ya meza. Sijui ufundi mwingine ambao mwalimu mstaafu aliyeshika simu mkononi anaweza kuifutia mashtaka Bahari ya Hindi nzima.

Nilionja utamu wa kazi hii mwaka 2006, kwenye intaneti kafe ya chumba kimoja, dishi juu ya paa, kompyuta nane, na fundi mmoja mfupi aliyekuwa akizunguka na koleo la kubania vichwa vya waya mfukoni kama kinyozi na kitana chake. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na msokoto huo si urembo: ndio unaozuia kelele za nyuzi zisiingiliane, na za nje zisipenye. Fundi akiumenya hakuruhusu msokoto ufunguke zaidi ya urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kisha alipanga rangi huku akizisoma kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye uradi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akazikata sawasawa, akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, akakigeuza kwenye mwanga ahakikishe kila uzi umegusa mwisho, ndipo akabana. Kaa! Ile sauti ya koleo naisikia hadi leo. Baadaye nilijifunza kwamba mwendo wa megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, na wa megabiti 1,000 hutaka zote nane. Kwa hiyo uzi mmoja usiogusa vizuri huenda usiuue waya, bali uufanye uchechemee. Na waya unaochechemea ni mgumu kuutambua kuliko uliokufa.

Lakini mikono haikuwa sifa yake kubwa. Mteja akilalamika, fundi hakugusa kitu. Alivuta kigoda, akauliza: "Imekwambiaje?" Si "umefanyaje", ambalo humfanya mtu aanze kujitetea kwamba hajagusa chochote. Imekwambiaje. Mteja husema haikuniambia kitu, imegoma tu. "Imekwambia," fundi anasisitiza, "hukuisikiliza." Na kweli, wakirudi pamoja kwenye kioo, maandishi yapo, yamefungwa kwa kubofya kabla hayajasomwa.

Akishasikia, anabisha hodi. Hivyo ndivyo ninavyoiita programu ya ping. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 kwenye maabara ya jeshi la Marekani kule Maryland, alipokuta mtandao wao una tabia asizozielewa. Jina alilitoa kwenye mlio wa sonar, sauti inayotumwa majini ikasikilizwa mwangwi wake. Alikesha nayo, na kabla ya macheo ilikuwa inafanya kazi. Ila kabla hajatuma hata ping yake ya kwanza, mwenzake alikuwa ameshakiona kifaa kibovu na kukitengeneza. Kila nikikumbuka kisa hicho nacheka: chombo bora kabisa cha kazi yetu kilichelewa kwenye kazi yake ya kwanza.

Mila yetu ni hodi tatu. Usipoitikiwa, unaondoka na heshima yako. Windows hubisha nne. Na fundi habishi ovyo, huanza mlango wa karibu. Kwanza 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujibishia hodi yenyewe kifuani: umo? Kisha ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Kisha mlango wa mbali usiolala, 8.8.8.8. Mwisho hubisha kwa jina badala ya namba. Namba ikiitika na jina lisiitike, njia ni nzima, aliyepotea ni mwenye kujua majina, ile huduma ya DNS ambayo Paul Mockapetris aliibuni mwaka huo huo wa 1983. Ni sawa na kuijua nyumba ya mtu kwa miguu yako lakini hakuna mtaani anayelitambua jina unalouliza. Tena kimya si ushahidi kamili: ziko nyumba zilizoagizwa zisiitike hodi ya mgeni, na wenyewe wamo ndani wanakula.

Enzi za dishi, fundi aliposoma kwenye kioo kwamba jibu la hodi limechukua milisekunde 680 alitabasamu. Ilikuwa afya. Satelaiti za aina ile hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Hodi ilipanda, ikashuka, jibu likapanda, likashuka. Safari nne, kilomita 144,000, na hata kwa mwendo wa mwanga karibu nusu sekunde imeshakwenda. Mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam kupitia baharini, namba hizo zilianguka hadi chini ya 200, na fundi alipoziona mara ya kwanza alidhani kifaa kinamdanganya.

Kuna namba moja ninayoihurumia kila nikiiona. Kompyuta ikiingia kwenye mtandao huomba anwani, na ruta humpa kila mgeni yake. Isipopewa, hujitungia yenyewe, inayoanza na 169.254. Ukiiona, ujue mgeni amekaa sebuleni peke yake, hakuna aliyemkaribisha, amejipa jina na anasubiri. Usihangaike na bahari. Mwenyeji ndiye hakutokea.

Sasa kuhusu zima-washa. Sina ugomvi nayo; ruta ni kompyuta ndogo, kumbukumbu yake huchafuka, na ukiichomoa nusu dakika ikasahau yote, huamka na akili mpya. Ninachokataa ni kuanza nayo. Kuzima kabla ya kutazama ni kufagia chumba kabla mpelelezi hajafika. Ikipona, hujui kilichoiponya. Kesho ikirudia, unaanza sifuri, na kesho kutwa vilevile, hadi familia nzima inaamini kwamba intaneti ni kiumbe cha kuchomolewa kila magharibi.

Na usisahau macho ya kawaida. Ruta ya mama mdogo hukaa ndani ya kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano ya mkono, chenye maua pembeni, sawa na kile cha redio na kile cha jagi. Kitambaa hakizuii mawimbi. Kinazuia joto kutoka, na ruta yenye homa hukata maneno katikati. Nilipokiondoa mara ya kwanza alinitazama kama niliyemvua mtu nguo hadharani. Tulikubaliana: kitambaa kikae chini yake, si juu. Mengine ya nyumba ile ni ya pwani yenyewe, kwa mfano chumvi ya hewani inayokula miguu ya shaba ya vichwa vya waya. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe nao humeza mawimbi ya gigahezi 5 na kuachia yale ya 2.4 yapite kwa shida. Oveni ya maikrowevu hutumia masafa jirani na hayo ya 2.4, kwa hiyo chakula kikipashwa moto, wajukuu wa Muscat wanaweza kuganda kwenye kioo midomo wazi.

Jumapili ya 12 Mei 2024 nilijifunza mpaka wa mkono wangu. Mtandao uliporomoka, nami nikaingia chini ya meza yangu mwenyewe na tochi, nikabadilisha waya uliokuwa mzima, nikajigonga kichwa. Saa nzima ilipita ndipo nikakumbuka kufuatilia njia. Ufuatiliaji huo ni wa ajabu kidogo: unatuma kifurushi kilichopewa umri wa hatua moja, kinafia mlango wa kwanza, na aliyekizika anakutumia tanzia yenye anwani yake. Unatuma kingine cha hatua mbili, kinafia mlango wa pili, tanzia nyingine. Ukiziunganisha tanzia, umeichora barabara. Siku ile zangu zilifika tatu, zikakoma; baada ya hapo nyota tupu, mstari juu ya mstari. Nyaya mbili za baharini zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Nikatoka chini ya meza. Ningeanza na hodi badala ya tochi, ningeokoa kichwa.

Turudi Tanga. Mshtakiwa ni kompyuta, na mama mdogo yuko kwenye simu, miwani puani. Nikamwongoza kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, tukabisha ruta. "Mia moja tisini na mbili, nukta," nikasema. "Nukta au mkato?" akauliza, mwalimu ni mwalimu. Akanisomea majibu kama anaita mahudhurio: limejibu, limejibu, limejibu, limejibu. Tukabisha mbali, likajibu. Tukabisha kwa jina, likajibu. Kila mlango unaitika, ila kurasa hazifunguki. Fundi mwenye akili angetua hapo na kutafakari. Mimi nikaingiwa na haraka. Nikamfanya abadilishe namba za DNS, azime ruta, na aisahaulishe kompyuta waifai ili aiunganishe upya, yote kwa mkupuo. Nenosiri akalikosea mara tatu. Saa mbili usiku tulikuwa na kompyuta mbovu kuliko ile ya saa kumi na mbili, na mimi sikuweza kusema ni lipi kati ya matatu lililoiharibu. Kugusa mambo matatu kwa wakati mmoja! Fundi wangu wa 2006 angeninyang'anya koleo.

Asubuhi tukarudisha kila kitu kilivyokuwa, kimoja kimoja. Kisha nikauliza, kwa aibu, swali lililopaswa kuwa la kwanza.

"Mama mdogo, imekwambiaje?"

"Si nilikwambia jana? Imeandika kwa Kiswahili kabisa. Saa yako iko nyuma."

"Tazama saa ya kompyuta. Pembeni, chini kulia."

Kimya. Kisha: "Ee! Inasema tarehe mosi Januari 2015."

Kila tovuti inayojiheshimu huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyoamka 2015 ikaletewa vyeti vya siku ambazo kwake hazijafika, ikavikataa, na ilikuwa na haki. Hodi ziliitikiwa kwa sababu hodi haidai cheti. Na saa ilikimbilia nyuma kwa sababu betri ndogo iliyo kwenye ubao wa ndani, ile inayoitunza saa wakati umeme haupo, ilikuwa imekwisha. Umeme wa ukutani ulipokatika siku mbili, kompyuta ikasahau mwaka. Betri hiyo huitwa CR2032, na jina ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ndogo kuliko kifungo cha koti.

Aliipata sokoni, kwenye kimeza cha fundi saa. Kijana wa jirani akafungua kasha, akatoa ya zamani, akaweka mpya, mama mdogo akasahihisha tarehe mwenyewe. Jioni alinipigia kwa video, wajukuu nao wamo kwenye kioo. "Kwa hiyo," akasema, "intaneti yangu imetengenezwa na fundi saa." Sikuwa na la kujibu.

Miezi kadhaa ikapita. Wiki iliyopita simu yake ikaita, nami nikajiandaa kwa neno lile.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Taa ya LOS, ile ya faiba, ni nyekundu. Simu nayo haipati, na data nimezima. Saa nimezitazama zote mbili. Wenye faiba yao nimeshawapigia, wanakuja kesho."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Hakuna. Nilitaka kukusalimu tu."