Fundi Asiyebadilisha Kitu

Upepo wa Juni ukianza kuvuma Dodoma, watu huwasha hita za maji zilizolala tangu baridi ya mwaka jana. Msimu huo ndio hunikumbusha fundi mzee aliyekuwa akitukagulia hita mtaani kwetu. Sisemi kutengeneza. Nasema kukagua, kazi ambayo mara nyingi huisha bila kifaa kipya kufungwa na bila mwenye nyumba kuwa na cha kumwonyesha jirani.

Angalia alivyotumia testa. Kwanza alizima breka ya hita. Kisha alikwenda chumba kingine, akaigusisha testa kwenye soketi yenye umeme hadi aone taa yake inawaka. Ndipo alirudi bafuni, akafungua kifuniko cha hita na kupima waya mmoja baada ya mwingine. Taa haiwaki. Wengi wangeishia hapo na kuanza kazi. Yeye alirudi tena kwenye soketi ile ile, ahakikishe testa haijafa njiani. Maana testa mbovu na waya usio na umeme hutoa jibu moja, na anayekuja kulipia kosa ni mtu aliyesimama pekupeku kwenye maji. Hakuwahi kuruka safari hiyo ya pili, hata jua likizama naye akiwa na daladala ya Kikuyu ya kuwahi.

Kisha ilikuja zamu ya valvu ya usalama. Maji yetu ya Makutupora yana chumvi, na chumvi hugandisha valvu kimya kimya. Alikinyanyua kijiti cha valvu hiyo taratibu, maji yakatoka kwa nguvu, akakirudisha na kungoja yakatike kabisa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka. Kwenye tangi la lita 50 ziada hiyo ni karibu robo tatu ya lita, na ni lazima ipate pa kutokea. Ndiyo maana valvu hudondosha matone hita ikiwa kazini. Leo nimeona nyumba nzuri, zenye marumaru hadi darini, ambamo tone hilo limezibwa kwa kizibo cha bomba kwa sababu linachafua sakafu. Kidhibiti joto kikikwama katika nyumba kama hiyo, maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa. Siku tangi litakapopasuka sehemu ya maji hayo itageuka mvuke mara moja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Hilo ni bomu, na limefungwa juu ya kichwa cha mtoto anayeoga.

Ethi nayo aliifuata hadi nje. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi hukauka kabisa, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo aliuliza nondo ya ethi imezama kiasi gani, tena akaitingisha kwa mkono. Mafundi wa kizazi chake walipanda daraja kwa majaribio ya ufundi, la tatu hadi la kwanza, kabla ya sheria ya mwaka 1994 iliyoleta VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Lakini sidhani subira ile ilitoka kwenye cheti.

Tangu serikali ihamie hapa, nyumba zinaota kila upande na hita zinafungwa kwa haraka ya kumwahi mpangaji. Vijana wanaozifunga si wajinga. Wengi wana mikono mepesi kuliko ya mzee. Ila wanalipwa kwa kufunga. Nani atamlipa mtu aliyeshinda bafuni kwake asubuhi nzima, akatoka na kusema tu kwamba hita iko salama? Tunampigia fundi simu baada ya kunusa plastiki inaungua, au baada ya mtu kupigwa shoti, kisha tunabishana naye bei. Mzee alipoacha kazi, mtaani kwetu hakuna aliyeuliza ni kijana gani amerithi testa yake, nami sijasikia tangu hapo mlango ukigongwa na fundi aliyeitwa kuja kukagua kitu ambacho bado ni kizima.