Mgema na Wanywaji Wake: Juu ya Santuri za Baadaye za Oasis

Mithali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji haihitaji kufafanuliwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Ameisikia tangu utotoni. Lakini ni wachache wanaouliza imekuwaje mgema huyo akafika hapo. Jibu la upesi ni kwamba sifa zilimtia kiburi, akawadharau wanywaji. Mimi naona kwamba liko jibu jingine, nalo lawahusu jirani zake zaidi kuliko yeye mwenyewe: alipokwisha kusifiwa, hakubaki mtu wa kuonja kibuyu na kumwambia kwamba hili halifai, apande mnazi tena. Fikira hii nataka kuipima kwa habari za kundi moja la muziki wa roki la Uingereza, lililoitwa Oasis. Santuri zake mbili za kwanza zilipendwa na watu wasio na idadi. Tano zilizofuata zilinunuliwa sana, na kila moja ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Uingereza. Walakini ni vigumu leo kumpata mtu wa kuziimba kwa moyo. (Neno santuri nalitumia kwa kila mkusanyo wa nyimbo, ijapokuwa siku zile nyingi ziliuzwa katika visahani vidogo vya plastiki.)

Kundi hili lilitoka Manchester, mji wa viwanda wa kaskazini. Wakuu wake walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Noel na Liam Gallagher, watoto wa wazazi wa Kiayalandi, waliolelewa katika mtaa wa Burnage. Liam, mdogo, aliimba. Noel alipiga gita na kutunga. Kabla ya kujiunga na kundi la mdogo wake, Noel alikuwa mtumishi wa kundi jingine, Inspiral Carpets, akitunza na kubeba vyombo vyao vya muziki. Kabla ya hapo, kama alivyosimulia mwenyewe, alifanya kazi kwa wachimbaji wa mifereji ya gesi. Alipoumia mguu akahamishiwa ghalani, mahali palipokuwa na kazi kidogo na nafasi nyingi, akaketi humo na gita lake akitunga. Ghala hilo lina maana kubwa kwetu. Nyimbo zilizokuja kulitajirisha kundi hili nyingi zilitungwa na mtu aliyekuwa hana msikilizaji hata mmoja wa kumpigia makofi, naye akawa na muda wa kuzitupa zilizo dhaifu na kuzihifadhi zilizo imara. Mei 1993, Alan McGee, mwenye kampuni ya santuri iitwayo Creation, aliwasikia katika ukumbi mdogo wa Glasgow akawataka papo hapo.

Sasa tazama jinsi santuri yao ya kwanza, Definitely Maybe, ilivyotengenezwa. Mapema mwaka 1994 walirekodi katika studio moja ya Wales, chini ya msimamizi Dave Batchelor. Kazi ilipokwisha ikaonekana imepooza: nguvu waliyokuwa nayo jukwaani haikuonekana kabisa. Ikakataliwa. Wakaenda studio nyingine huko Cornwall, wakarekodi mara ya pili. Hiyo nayo haikuridhisha. Ndipo kanda zikakabidhiwa fundi kijana, Owen Morris, naye alifanya jambo ambalo yatupasa kulishika vema, kwa kuwa tutalirudia. Noel alikuwa ameweka gita juu ya gita. Morris aliziondoa nyingi, akabakiza chache, kisha akazipa hizo chache sauti kali. Santuri ilitoka Agosti 1994, na katika Uingereza hapakuwa bado na santuri ya kwanza ya kundi lolote iliyouzwa kwa haraka kama hiyo.

Sikiliza humo wimbo uitwao Live Forever. Waanza kwa ngoma peke yake. Sauti ya Liam yaingia bila haraka. Gita halisemi ila pale sauti inaponyamaza. Hakuna kitu ndani yake ambacho ungeweza kukiondoa usikione pengo. Sifa hiyo haikuja kwa bahati. Ni alama ya kazi iliyokataliwa mara mbili kabla haijakubaliwa.

Santuri ya pili, Morning Glory kwa kulifupisha jina lake refu, ilirekodiwa kwa majuma machache tu katika mwaka 1995. Sitakaa sana juu yake, maana nyimbo zake zinajulikana hata na watu wasiojua jina la kundi. Agosti 1996 walipiga kwa siku mbili katika uwanja wa Knebworth mbele ya watu 250,000, na walioomba tikiti walizidi milioni mbili na nusu. Lakini jambo la ajabu zaidi la miaka hiyo halimo katika santuri hizo mbili. Ilikuwa desturi kila wimbo mmoja ukiuzwa peke yake uambatane na nyimbo nyingine mbili tatu za ziada, na aghalabu makundi huweka hapo makombo ya karamu. Noel aliweka hapo Half the World Away mwaka 1994, Acquiesce na Talk Tonight mwaka 1995, na The Masterplan mwaka huo huo. Hizi si makombo. Tungo kama hizi zingetosha kuwa uti wa mgongo wa santuri nzima. Alizitoa kama mtu mwenye shamba linalozaa kupita kiasi, anayempa kila mpita njia tunda asiulize kesho litabaki nini. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alifanya haraka kuzitoa hivyo.

Tufike basi katika santuri ya tatu, Be Here Now, iliyotoka tarehe 21 Agosti 1997, maana hapo ndipo kibuyu kilipopotoka. Siku ya kwanza peke yake ziliuzwa zaidi ya 420,000 katika Uingereza. Santuri mbili za awali zilikuwa na urefu wa kama dakika 50 kila moja. Hii ina dakika 71, wala haina nyimbo nyingi zaidi ya Morning Glory. Ni kwamba kila wimbo umenyoshwa. Wimbo wa kufungulia wapita dakika saba. Katika wimbo mmoja, My Big Mouth, yakadiriwa kwamba yamo magita 30 yaliyopandanishwa, hata sikio haliwezi tena kulisikia gita lolote. Ni kama kutia kitoweo viungo vyote vilivyomo dukani, kisha mlaji akauliza samaki yuko wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni All Around the World. Wimbo huu si mpya. Noel alikuwa nao tangu siku za mwanzo, akaungoja mpaka kundi liwe na fedha za kukodi okestra. Fedha zikapatikana, okestra ikaja. Matokeo yake ni dakika tisa na zaidi, ambamo kiitikio kimoja chepesi, kizuri kwa kadiri yake, hurudiwa na kurudiwa, na sauti hupandishwa daraja mara zaidi ya moja ili msikilizaji adhani wimbo unakwenda mahali. Hauendi mahali. Nao ukiisha, baada ya wimbo mmoja tu warudi tena mwishoni mwa santuri kwa dakika mbili nyingine, bila maneno, mithili ya mgeni aliyekwisha kuaga akasahau kofia. Januari 1998 ulishika nafasi ya kwanza, na hapana wimbo mrefu kuliko huo uliokuwa umepata kufika hapo. Msomaji atambue kwamba ubovu huu hautokani na upungufu wa kipawa. Mahadhi ni ya mtu yule yule wa ghalani. Kilichopungua ni kisu.

Na kisu kilikuwa mkononi mwa nani? Msimamizi wa kazi alikuwa Owen Morris yule yule, aliyeyaondoa magita mwaka 1994. Safari hii aliyaacha. Kampuni ni ile ile ya Creation, iliyokuwa imeikataa kazi ya kwanza. Safari hii haikukataa kitu. Noel amesema wazi zaidi ya mara moja kwamba madawa ya kulevya yalikuwa yametawala studio, na sina sababu ya kumkanusha. Walakini ulevi peke yake hautoshi kueleza jambo hili. Mlevi mwenye rafiki mkali bado huzuiwa asitoke nje uchi. Mwaka 1994 walikuwa vijana wasiojulikana, na kila mtu alikuwa na haki ya kuwaambia la. Mwaka 1997 walikuwa ndio chakula cha kila aliyekaa chumbani humo, na nani atamkemea anayemlisha?

Hapa yanipasa kusema neno juu ya wahakiki, kwa sababu mwanafunzi asomaye kurasa hizi huenda siku moja akaitwa kwa jina hilo. Mwaka 1995 magazeti mengi ya muziki ya Uingereza yaliipokea Morning Glory kwa ubaridi. Umma ukaikimbilia, wahakiki wakaonekana wajinga. Ilipotoka Be Here Now miaka miwili baadaye, waliogopa kuaibika tena, wakaimwagia sifa kubwa. Na baada ya miezi, uchovu wa wasikilizaji ulipodhihirika, wengi wakaanza kuitaja kama mfano wa majivuno. Katika nyakati zote tatu jambo moja lilikosekana, nalo ni sikio. Mara ya pili walisikiliza aibu yao ya nyuma, na mara ya tatu mnong'ono wa mtaani. Mimi siichukii santuri hiyo kama inavyochukiwa na wengi. Stand by Me ni wimbo mzuri uliovishwa makoti matatu wakati wa joto. Uvue makoti hayo utaona mwili wenye afya.

Baada ya hapo habari ni fupi. Mwaka 1999 wawili kati ya waanzilishi, Paul Arthurs na Paul McGuigan, walijitoa. Kampuni ya Creation ikafungwa, na kundi likaanza kutoa santuri chini ya jina la kampuni yake lenyewe, maana yake hata yule mtu wa nje aliyekuwa na haki ya kukataa, ijapokuwa hakuitumia, sasa hakuwapo kabisa. Santuri ya mwaka 2000 iliitwa Standing on the Shoulder of Giants. Jina hili Noel alilitoa kwenye ukingo wa sarafu ya pauni mbili, palipochorwa maneno mashuhuri ya Isaac Newton juu ya kusimama mabegani mwa majitu. Alipoyanakili aliacha herufi moja, ikawa majitu mengi yana bega moja. Likachapwa vivyo hivyo. Ni jambo dogo la kuchekesha, lakini lasema mengi juu ya nyumba isiyo na msahihishaji.

Mwaka 2002 mlango wa kutunga ulifunguliwa kwa kila mwanakundi. Wengine waliuita huo ukarimu. Mimi nauona kuwa ni dalili ya ghala kuwa tupu. Hata hivyo Songbird, wimbo mfupi wa Liam, una unyofu ambao kaka yake alikuwa ameupoteza, na hauzidi kama dakika mbili. Santuri ya mwaka 2005 ilikuwa na nguvu zaidi, hasa wimbo The Importance of Being Idle, wenye mzaha na wepesi. Ya mwaka 2008, Dig Out Your Soul, ilijengwa zaidi kwa mvumo wa ngoma kuliko kwa mahadhi. Tarehe 28 Agosti 2009 ndugu hao waligombana mjini Paris kabla ya kupanda jukwaani. Noel akaondoka, kundi likavunjika.

Wako watakaosema kwamba hakuna kilichoharibika ila umri wa wasikilizaji: aliyeupenda wimbo akiwa na miaka 16 hawezi kuupenda mwingine vivyo hivyo akiwa na 30. Hoja hii ina uzito, na ingetushinda kama tusingekuwa na ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2016 Noel alikusudia kuirudia Be Here Now kwa mikono yake, aipunguze na kuisafisha. Alimaliza wimbo mmoja, wa kufungulia, akaiacha kazi. Kisha Julai 2025 ndugu hao walirudi pamoja jukwaani, wakaanzia Cardiff, mbele ya makutano ambamo walikuwamo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1997. Kwa vijana hao nyimbo zote za kundi ni za kale sawasawa; hawana ujana wa miaka ile wa kuukumbuka. Walipigiwa nyimbo 23. Tano kati yake zilikuwa zile za ziada zilizotolewa bure bure miaka ya 1994 na 1995, na Acquiesce ilikuwa ya pili usiku ule. Kutoka katika santuri nne zilizofuata Be Here Now, kazi ya miaka tisa, ulipigwa mmoja.