Hasira Isiyotamkwa: Kitanda cha Mauti katika Vitabu vya Monica Wilson na katika Hubiri la Luther la 1519

Yeyote aliyehudumu katika sharika za Nyanda za Juu Kusini, ziwe za upande wa Mbeya au za upande wa Iringa, amekwisha kuisikia mara nyingi sentensi ile inayosomwa kaburini katika historia ya marehemu, kwamba mzee wetu alilala katika Bwana akiwa amepatana na watu wote. Husomwa baada ya tarehe ya ubatizo na idadi ya wajukuu, kabla ya kuwashukuru waganga na wauguzi. Si mara chache sisi wachungaji ndio tuliosaidia kuiandika. Na tukiwa wakweli, si mara chache hatukujua kama upatanisho huo ulitokea. Tulijua tu kwamba mwana aliyekuwa haonekani nyumbani kwa miaka mingi alifika siku mbili kabla ya kifo, akasimama kando ya kitanda, na hapakuwa na kelele. Kukosekana kwa kelele tumekuita upatanisho.

Makala haya yanakusudia kuihoji sentensi hiyo kwa msaada wa vitabu viwili visivyo vya theolojia na hubiri moja la zamani. Vitabu ni vya Monica Wilson, Good Company cha 1951 na Rituals of Kinship among the Nyakyusa cha 1957. Mwandishi alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, akiwa mtoto wa wamisionari. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti wao Unyakyusa, katika nchi ya Rungwe, kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na kazi ya kuyaandika mengi waliyokusanya pamoja ikabaki mikononi mwa mjane wake. Wanafunzi wetu huvifungua vitabu hivi wanapotafuta habari za mizimu ili waweze kuihubiri vibaya. Tunadhani huo ni usomaji wa haraka mno.

Kitabu cha kwanza kinaeleza vijiji vya rika. Mvulana wa Kinyakyusa, akifikia umri wa miaka kumi hivi, aliondoka katika makao ya baba yake akaenda kujenga na wenzake wa umri mmoja, ingawa aliendelea kwenda kula kwa mama yake. Alioa huko, akazeekea huko. Neno linalokibeba kitabu kizima ni ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, kula na kunywa na kuzungumza pamoja. Hivyo mtu mzima hakuzungukwa na wanawe bali na marafiki zake wa tangu utotoni, na hao ndio waliojua tabia yake. Baba na mwana walitenganishwa na desturi yenyewe hata kabla ya kugombana. Msomaji wa leo, ambaye amezoea kuambiwa kwamba zamani familia ilikaa pamoja na kwamba mtengano umeletwa na barabara kuu na miji, atashangaa.

Kitabu cha pili ndicho kinachotuhusu zaidi. Hapa Wilson anaonyesha jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahili katika mafundisho yetu ya uchungaji. Kwa Wanyakyusa aliowafahamu, hasira iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa hatari. Mzee aliyekosewa na mwanawe akanung'unika peke yake kando ya moto, mizimu ilimsikia, na ugonjwa ukamfuata mwana au watoto wa mwana. Dawa haikuwa kusahau wala kunyamaza. Dawa ilikuwa kusema. Katika matambiko ya ukoo wahusika walitakiwa waitoe hadharani kila hasira waliyokuwa nayo, na ikiwa mmoja aliificha yake, tambiko liliharibika hata kama ng'ombe amechinjwa na kila tendo limefuatwa. Kupuliza maji kutoka kinywani kulieleweka kuwa ni kuitema hasira iliyokuwa moyoni. Tukiyaweka hayo kando ya Yakobo 5:14-16, ambapo kuwaita wazee kwa mgonjwa hufuatwa mara moja na agizo la kuungamana dhambi ninyi kwa ninyi, twaona kwamba mtume angeelewana na wazee wa Rungwe katika jambo hili upesi kuliko anavyoelewana na sisi. Sisi tumeishika sala na mafuta. Maungamo ya mmoja kwa mwenzake tumeyaachia wanaharusi na vikundi vya uamsho.

Hata hivyo hatupendi kuvisifu vitabu hivi kupita kiasi. Wilson alisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, lakini katika habari alizoandika sauti za wakubwa wa ukoo husikika zaidi. Na katika habari hizo kuna jambo ambalo yeye halisumbui sana, nasi hatuna budi kulisumbua: mzee hukiri hasira yake, hakiri kosa lake. Mwana ndiye anayeugua, mwana ndiye anayekuja na mnyama, mwana ndiye anayeomba. Baba huitema hasira, na kwa kuitema anaonekana mwema. Kama hasira ile ilikuwa ya haki au ya uonevu, kama baba alimnyima mwana mahari au alimfukuza mama yake, ni vigumu sana kwa swali hilo kuulizwa na mtu aliye chini yake. Zaidi ya hayo, upatanisho huu unasukumwa na hofu. Mtu anapatana ili mtoto wake asife. Hatusemi kwamba hofu haifai kitu, maana imewarudisha wengi nyumbani. Ila mtu aliyerudi kwa hofu hajasema bado kwa nini aliondoka.

Kizuizi pekee dhidi ya uonevu wa mzee, katika picha anayoichora Wilson, kinatoka kwa majirani. Anaandika juu ya ile iliyoitwa pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya wanakijiji wenzake mtu, ambayo yaliaminiwa kumletea baridi na homa yule aliyewakosea wazazi, wakwe au jirani. Mzee mwenyewe hakuwa juu ya pumzi hiyo. Tukiiacha imani ya uchawi iliyofungamana nayo, na ni lazima tuiache, linabaki jambo la maana: wapo watu ambao si wanawe wala ndugu zake, wenye haki ya kumwambia mzee kwamba amekosa. Ni rika lake.

Sasa tumgeukie Luther. Mwaka 1519, kwa ombi la mtu aliyesumbuliwa na mawazo ya kifo, aliandika hubiri fupi juu ya kujiandaa kufa, lenye vipengele ishirini. Wengi wetu hukumbuka sehemu yake ya katikati, inayomwelekeza mgonjwa amtazame Kristo na asiitazame mauti, dhambi wala kuzimu. Tunazisahau hatua mbili za mwanzo, pengine kwa sababu ni fupi na zinaonekana kuwa za kidunia. Kwanza, mtu apange mali yake ili kifo chake kisiache ugomvi kati ya jamaa. Pili, awasamehe wote waliomkosea, naye aombe msamaha kwa wote aliowakosea. Ndipo aelekeze macho kwa Mungu. Angalia mpangilio huo. Mali hutangulia, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumbani una mpaka wa shamba au idadi ya ng'ombe ndani yake. Na anayeomba msamaha ni yule anayekufa. Hapa Luther anageuza mwelekeo ambao tambiko liliuacha kama ulivyo: mkubwa anamwendea mdogo, si mdogo peke yake anayemwendea mkubwa.

Luther hakuandika hayo akiwa mbali na jambo lenyewe. Aliingia katika nyumba ya watawa mwaka 1505 kinyume cha mapenzi ya baba yake Hans, na katika misa yake ya kwanza mwaka 1507 baba alimkumbusha mbele ya wageni amri ya kuwaheshimu baba na mama. Jeraha hilo halikufunikwa. Mwaka 1521, katika barua ya kumtolea baba yake kitabu juu ya nadhiri za watawa, Luther alikiri kwamba alikuwa ameasi mamlaka ya baba, lakini hakumwachia ushindi wote, maana alisema pia kwamba aliyemtoa utawani ni Mungu, si Hans. Hivyo lilipofika mwaka 1530, na Hans akawa mgonjwa, mwana hakuwa na la kuficha. Hakuweza kusafiri kwa sababu ya hatari ya njiani, akaandika barua mwezi Februari. Baba alifariki mwezi Mei, na mwana alipopata habari huko Coburg alichukua Zaburi zake akajifungia chumbani kulia. Hawakuonana. Ila yale ya kusemwa yalikuwa yamesemwa miaka tisa kabla.

Maandiko yenyewe ni makali kuliko mahubiri yetu ya mazishi. Daudi kitandani (1 Wafalme 2) anamwachia Sulemani hesabu ya damu: Yoabu, mwenzake wa vita tangu ujana, asishuke kaburini kwa amani, na Shimei, ambaye Daudi alimwapia kwamba hatamwua, auawe na mwingine. Kiapo kilishikwa kwa herufi na hasira ikarithishwa. Ndugu zake Yusufu nao, Yakobo alipokwisha kufa, walituma kusema kwamba baba aliagiza wasamehewe (Mwanzo 50:16-17), na hatusomi popote Yakobo akiagiza hivyo. Pengine waliyatunga. Yusufu alilia, nasi twadhani alilia pia kwa sababu baba hakulisema jambo hilo alipokuwa na kinywa.

Kuhusu marafiki wa zamani, sheria ya nchi yetu imekuwa na hekima ambayo hatuitumii. Kanuni za mila za urithi na wosia zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Zinaruhusu mrithi anyimwe urithi kwa sababu maalumu, mojawapo ikiwa kutomtunza mwenye wosia katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki, lakini zinadai apewe nafasi ya kujitetea. Basi sheria yenyewe inawaita kitandani wale wawili wasio wa ukoo, tena inampa kinywa mwana aliyetengwa. Mchungaji anapowatoa wote nje ili sala ifanyike kwa utulivu, anafanya kinyume.

Ukimwi uliongeza ukimya huu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011-12 Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, iliongoza nchi nzima kwa asilimia 14.8 ya watu wazima. Wengi walikufa kabla ya wazazi wao, wakirudi kutoka mijini kwa mama ambaye hawakuwa wameagana naye vizuri, na jina la ugonjwa halikutajwa hata kwenye ibada. Pale ambapo jina haliwezi kutajwa, kosa nalo halitajwi.

Tumalizie kwa jambo lililompata mmoja wetu katika wilaya ya Mufindi. Mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai alikuwa anakufa, na mwanawe mkubwa, mfanyabiashara wa Mbeya, alikuwa amefika baada ya miaka tisa. Ilijulikana kwamba baba aliuza miti ya mbao ambayo kijana aliipanda mwenyewe. Mchungaji aliwasili na vyombo vya Meza ya Bwana, akasema yaliyopita tuyasamehe, mgonjwa amechoka. Rafiki wa mzee, aliyechuma chai pamoja naye tangu ujana, akasema kutoka kwenye kigoda chake, “Mchungaji, subiri kidogo. Miti bado haijasemwa.”

Pakawa kimya kirefu. Kisha mzee akasema, “Niliiuza. Ilikuwa mia mbili na kumi.”

“Mia mbili na arobaini, baba,” mwana akajibu.

“Ni arobaini,” alisema yule rafiki. “Tulihesabu wote.”

“Basi ni arobaini,” mzee akasema. “Nilikukosea, mwanangu.”

Mwana hakutamka kwamba amesamehe. Sakramenti ilitolewa jioni, naye hakuipokea. Alikaa hadi mazishi, akalipa sehemu yake ya gharama za jeneza, akarudi Mbeya. Historia ya marehemu ilipoletwa kwa mchungaji aipitie, sentensi ile ya kupatana na watu wote ilikuwamo kama kawaida. Aliifuta, akaomba ruhusa ya familia kuandika mahali pake kwamba mzee alikiri deni la miti 240 mbele ya mwanawe na mbele ya rafiki yake. Familia ilijadiliana usiku mzima, na asubuhi wakakubali.