Skrini ya Aqua na Risiti ya Sheli

Skrini ya gari la haibridi inaandika kilomita 22.4 kwa lita. Unapiga hesabu kwa risiti, unapata 20.7. Kabla ya kumlaumu fundi au muuza mafuta, tafuta kwanza mahali namba hizi mbili zinapoachana.

Wengi hurukia tairi. Ni kweli tairi hupotosha odomita: lenye nusu kipenyo cha milimita 300 likilika milimita 6 huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile, na odomita inakuongezea kama asilimia 2 ya kilomita ambazo hukwenda. Lakini skrini inatumia kilomita hizohizo ulizotumia wewe kwenye kikokotoo. Kosa la tairi limeingia pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo haliwezi kuzitenganisha. Ugomvi wote uko kwenye lita.

Basi geuza namba ya skrini iwe lita. Tuseme Toyota Aqua imetembea kilomita 560 tangu tanki lijazwe, na leo pampu imeingiza lita 27. Gawanya 560 kwa 22.4, unapata 25. Kompyuta ya gari inasema limechoma lita 25, pampu inasema 27. Sasa swali linashikika: lita 2 ziko wapi?

Kompyuta haina mita inayopima petroli inavyopita, na kwenye hesabu hii haiangalii geji ya tanki. Kimsingi inahesabu muda ambao nozo za injini zinakaa wazi, kisha inauzidisha kwa kiasi ambacho nozo nzima ingepitisha kwa muda huo. Ni makadirio mazuri, mradi nozo ziwe kama zilivyotoka kiwandani, na Aqua nyingi zinashuka bandarini Dar zikiwa zimeshatumika Japani kwa miaka. Nozo iliyoziba kidogo hupitisha mafuta pungufu. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inagundua, kompyuta inarefusha muda wa kufungua, na hesabu ya lita inapanda wakati mafuta halisi ni yaleyale. Skrini itaonyesha gari linakula zaidi kuliko linavyokula kweli. Nozo inayopitisha zaidi ya kiwango chake hufanya kinyume, skrini inakusifia bure. Kwa hiyo upande ambao tofauti imeelekea ni habari kamili kwa fundi wa Gerezani, na ni vizuri kumpelekea namba hiyo kabla hajafungua chochote.

Upande wa pampu, kinachoharibu hesabu zaidi ni tunavyojaza. Mjini hapa watu huweka mafuta ya elfu kumi, ya elfu ishirini. Bei ya lita ikiwa karibu 3,000, elfu kumi ni lita 3 na kitu. Ukijaribu kupima ulaji kwa lita 3, kosa la lita moja kwenye kiwango cha tanki linavuruga jibu kwa theluthi nzima. Kwa lita 27, kosa hilohilo halifiki asilimia 4. Tena wastani ambao Toyota huonyesha tangu ulipojaza mara ya mwisho unategemea gari kugundua kuwa limejazwa, na kiasi kidogo linaweza lisikigundue.

Dawa ipo na haidai ubadili maisha. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, kisha endelea na elfu kumi zako kama kawaida huku ukitunza kila risiti ya EFD, maana lita zimeandikwa pale. Mwisho wa mwezi jaza tena, ikiwezekana pampu ileile, na gari likiwa limesimama upande uleule. Hapa simama imara na mhudumu: pampu ikishajikata, wengi huendelea kubonyeza kidogo kidogo ili hela ifike namba isiyo na chenji. Huko kuongeza kunabadilisha kiwango cha tanki, na kosa lote linahamia kwenye hesabu yako. Lipa 78,300 kama ilivyosimama.

Ukimaliza, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, gawanya mara moja tu. Wanaochukua wastani wa wastani wanapotea. Kilomita 180 kwa lita 9 ni 20. Kilomita 60 kwa lita 5 ni 12. Katikati yake ni 16, lakini gari limekwenda 240 kwa lita 14, yaani 17.1.

Betri haina lawama kubwa. Ile ya Aqua ina volti 144 na haifiki hata kilowati-saa moja, na gari hutumia sehemu tu ya chaji hiyo. Ukianza ikiwa juu na kumaliza ikiwa chini, tofauti haifiki robo lita. Kwenye tanki zima inamezwa. Kutoka Magomeni hadi Fire peke yake, inaweza kukupa namba ya ajabu kabisa, na picha za skrini ambazo watu hurushiana nyingi ni za vipande vifupi namna hiyo.

Vilevile acha kupima gari kwa kilomita 35.4 kwa lita zilizotangazwa Japani wakati Aqua inazinduliwa Desemba 2011. Jaribio la JC08 lililotoa namba ile lina mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni, guta limekatiza mbele na bajaji ziko pembeni, kiyoyozi kinanyonya betri mpaka injini iwake kuichaji, na kilomita hazisogei. Namba zote mbili, ya skrini na ya risiti, zitashuka pamoja, na hapo hakuna mdanganyifu.

Zinapoachana zaidi kuliko mwezi uliopita, hapo ndipo pa kushughulika. Badilisha sheli, rudia hesabu kati ya tanki mbili zilizojaa. Pengo likibaki vilevile, nenda kwa fundi wa nozo. Likifunga, rudi sheli ya kwanza ujaze tena uone kama linafunguka. Likifunguka, chukua risiti zako uzipeleke Wakala wa Vipimo, maana wao ndio wanaohakiki pampu hizo na kuzifunga lakiri.